Kwani Kule Monza Hakujiamini?

Mzazi mwingine tena kanipigia: "Kocha, mtoto miguu anayo, shida hajiamini. Hebu ongea naye." Nimeongea na watoto wa watu mpaka koo limekauka. Nikamuuliza ni lini kijana alimaliza mara ya mwisho mbio ndefu ya Alhamisi. Kimya.

Halafu wazazi hunitajia Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni. Si alisema binadamu hana mipaka? Alisema. Lakini tuangalie saa. Mei 2017, kule Monza, Italia, alitaka kumaliza marathoni chini ya saa mbili, akapata 2:00:25. Oktoba 2019, Vienna, akapata 1:59:40. Kwani Monza hakujiamini? Alijiamini sana tu. Katikati hapo kulikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kazi kambini Kaptagat chini ya kocha wake Patrick Sang, viatu vipya, na wawekaji kasi 41, yaani wakimbiaji wa kumsindikiza, waliopangwa kwa namna tofauti ili kumkinga upepo. Walikuwa wakiingia na kutoka, na hiyo ni sababu mojawapo ya muda ule kutotambuliwa kuwa rekodi ya dunia. Na Olimpiki ya Paris 2024 alipoacha mbio baada ya kilomita 30, imani iliishia wapi?

Kujiamini hutoka kwenye daftari la mazoezi. Mtu aliyekimbia mita 1,000 mara kumi, kila Jumanne, bila kasi kushuka, hahitaji hotuba yangu.

Usingizi na chakula sielezi, mnajua. Kinachoniudhi ni hiyo "bidii". Vijana wanadhani bidii ni kuumia kila siku. Jumatatu asubuhi ni mbio nyepesi kwenye barabara ya udongo. Wazee wa marathoni wanajikokota nyuma, zaidi ya dakika tano kwa kilomita, wakizungumzia bei ya maziwa. Kijana mwenye saa mpya anachomoka, anafika wa kwanza, anajipiga picha. Jumanne uwanjani, raundi ya nne, mabega yameshapanda hadi masikioni na hatua zimefupika. Ya sita anainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazijalegea. Jioni ananiambia, "Kocha, akili ilikataa." Akili gani? Miguu ilibaki Jumatatu! Huku juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mwili unachelewa kupona. Mbio za polepole ndizo zinazoongeza vishipa vidogo vya damu kwenye misuli bila kukumaliza. Kupitwa na kijana wa shule siku ya mbio nyepesi na usijibu, huko ndiko kujiamini ninakokutafuta, na wachache sana wanakuweza.

Sasa nikiri jambo. Nimekuwa na wanariadha wawili, programu moja, muda uleule mazoezini, na siku ya mashindano mmoja anakauka kabla bunduki haijalia. Hapo daftari halisaidii. Huwa nampeleka kwenye mbio ndogo ndogo, namwambia aongoze nusu ya mwanzo, hata akiishia wa mwisho. Wengine hupona, wengine hapana, na sijawahi kubashiri vizuri ni yupi. Na wapo waliojiamini bila msingi wowote, mazoezi leo wapo kesho hawapo, wakaja wakashinda. Hao wananiharibia hoja yote, lakini nimewaona.