Gari halisomi ubavu wa tairi: dhana potofu kuhusu matairi ya magari ya AWD

Usukani umekatwa hadi mwisho, gari linatambaa kuingia kwenye maegesho, na kila nusu mita linashtuka kana kwamba kuna mtu kalifunga kamba kwa nyuma. Fundi wa kwanza alisema giaboksi. Wa pili akasema jointi za mbele. Wa tatu hakufungua hata boneti. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele kushoto, akazunguka hadi la kulia, akauliza: "Hili ulinunua lini?"

Nilikuwa nimelinunua miezi minne nyuma, moja tu, baada ya la zamani kupasuliwa ubavu na jiwe. Saizi ileile, chapa ileile. Nilijiona mwangalifu kweli. Kumbe wenzake watatu walikuwa wametembea miaka mitatu, na gari lenyewe ni AWD, yaani magurudumu yote manne yanavuta, na yote yameunganishwa kwa shafti na gia na injini moja.

Gari la aina hiyo halisomi maandishi ya ubavuni. Linahesabu mizunguko. Kila gurudumu likizunguka mara moja linatakiwa liende umbali uleule na wenzake, na karibu kila dhana potofu ninayoisikia kuhusu matairi ya magari haya inatoka kwa mtu aliyelisahau hilo.

Dhana: "Saizi ni moja, basi yamelingana"

Chukua tairi la 225/60R17. Ringi ya inchi 17 ni milimita 431.8. Ubavu ni asilimia 60 ya upana wa milimita 225, yaani milimita 135, na unauhesabu mara mbili kwa kuwa uko juu na chini. Kipenyo kinakuwa milimita 701.8, na mzingo wake, yaani urefu wa kulizunguka lote, kama 2,205. Hilo ni jipya, mitaro yake ina kina cha milimita 8 hivi. Lililoliwa hadi kubaki na milimita 3 limepoteza milimita 5 kuzunguka lote, na mzingo wake umeshuka hadi kama 2,173.

Utasema sentimita tatu ni kitu gani. Lakini kwenye kilomita moja tairi la zamani limepiga mizunguko karibu 7 zaidi ya jipya. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni mizunguko 11 ya ziada kila dakika, bila kupumzika, hata kama barabara imenyooka kama rula. Gari linadhani linakata kona isiyoisha.

Na hata matairi mawili mapya kabisa, yenye namba zilezile ubavuni, yanaweza yasilingane. Zile namba ni saizi ya jina tu. Kila kiwanda kina umbo lake la bega, kina chake cha mitaro, mpira wake. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutoa, kwa kila modeli ya tairi, idadi ya mizunguko linayozunguka kwa kilomita au maili moja. Kwa hiyo "saizi moja" haitoshi: tafuta chapa moja, modeli moja, na kina cha mitaro kinachokaribiana. Usisahau pia zile herufi za mwisho. 99V, kwa mfano, maana yake tairi linabeba hadi kilo 775 na kustahimili hadi kilomita 240 kwa saa; usiliweke pamoja na lenye uwezo mdogo kuliko kitabu cha gari kinavyotaka.

Nyumbani mimi hupima kwa chaki. Matairi yakiwa ya baridi, yajaze upepo sawasawa na kitabu. Gari likiwa limesimama sehemu tambarare, weka alama chini kabisa ya kila tairi na nyingine sakafuni palepale linapogusa. Lisukume lende moja kwa moja, usukani usiguswe, hadi kila alama iguse sakafu kwa mara ya tano, kisha pima umbali kwa futi kamba. Tofauti ya milimita 2 za kina inakuwa kama milimita 63 kwenye mizunguko mitano. Huhitaji jicho la fundi kuiona hiyo. Nayapenda matokeo ya chaki kuliko kuzungushia utepe tairi lililoinuliwa na jeki, kwa sababu hapa tairi limebeba mzigo wake.

Tofauti gani inavumilika? Hakuna jibu moja. Subaru ni wakali: wanataka mizingo ya matairi isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4, ambayo ukiigeuza kuwa kina cha mitaro ni kama milimita 1 tu. Wengine huvumilia milimita 2 au 3 za kina. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno.

Dhana: "Punguza upepo kwenye jipya, yatakaa sawa"

Hii ni ya werevu, na ndiyo inayonikera zaidi kwa sababu inasikika kama sayansi. Upepo ukipungua gari linashuka, kweli. Lakini chini ya mpira wa tairi la radiali kuna mkanda wa nyuzi za chuma uliolizunguka tairi lote, na mkanda huo haunyooki wala haufupiki kirahisi. Tairi lenye upepo kidogo linajibonyeza chini, lakini mkanda bado unapita wote ardhini kila mzunguko, kama mnyororo wa katapila. Mzingo unabadilika kidogo sana. Unatosha kushtua magari yale yanayotambua tairi lililoishiwa upepo kwa kulinganisha kasi ya magurudumu kupitia sensa za ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kujifunga. Hautoshi kufidia milimita 5 za mpira uliokwisha.

Utakachopata ni tairi linalochemka mabegani, linaliwa pembeni, na gari linalovuta upande mmoja. Upepo ujazwe kama kibandiko cha kwenye fremu ya mlango kinavyosema, basi.

Dhana: "Difu ipo kwa kazi hiyohiyo"

Nusu ya kweli. Difu inaruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani unapokata kona, na gari lenye difu ya kati linaruhusu vivyo hivyo kati ya mbele na nyuma. Ila ifungue uone. Ndani kuna vigia vidogo vilivyokaa kwenye pini. Gari likinyooka, vigia hivyo havizunguki kwenye pini yake. Vinabebwa tu na nyumba yao. Kazi yao ni ya vipindi vifupi vya kona, na mara nyingi vinakalia pini tupu na washa (pete) nyembamba, bila beringi. Ukifunga matairi yasiyolingana, havilali tena. Safari ya saa tano inakuwa kona ya saa tano.

Kwenye difu ya wazi isiyo na kizuizi, hasara huja polepole. Balaa ni pale penye kitu kinachopinga tofauti ya mwendo. Magari mengi yana kikopo cha mafuta mazito ya silikoni chenye sahani nyembamba, nusu zimeshikana na mbele, nusu na nyuma. Zikitofautiana kasi, mafuta yanakorogwa, yanapata joto, sahani zinaanza kushikana. Ni kifaa kizuri gurudumu likiteleza kwenye matope kwa sekunde chache. Kikikorogwa kila siku kinachoka, na mwisho wake mara nyingi ni kugandamana: mbele na nyuma zinafungwa pamoja hata usipohitaji. Hapo ndipo gari linaposhtuka kwenye kona za mwendo mdogo, matairi yanalia kwenye sakafu laini, na wakati mwingine unasikia harufu ya mafuta ya kuungua. Langu lilikuwa limefikia hapo. Mafuta yaliyotolewa chini yalikuwa meusi kama ya injini iliyosahaulika.

Dhana: "Langu huvuta mbele tu mpaka liteleze, halinihusu"

Linakuhusu, pengine kuliko mwenye difu ya kati. Gari hujuaje kwamba limeteleza? Kwa kuona magurudumu ya mbele yanazunguka haraka kuliko ya nyuma. Ukiweka mbele matairi yaliyoliwa na nyuma mapya, umeliambia gari kwamba linateleza, asubuhi hadi jioni.

Honda CR-V za zamani zinaonyesha jambo hili vizuri kwa sababu hazikuhitaji hata kompyuta kwa kazi hiyo. Kwenye difu ya nyuma kuna pampu mbili za mafuta: moja inazungushwa na mwendo unaotoka mbele, nyingine na magurudumu ya nyuma. Zikienda sawa, moja inasukuma na nyingine inanyonya, mafuta yanazunguka tu na presha haijengeki. Ya mbele ikizidi, presha inapanda na kubana klachi, nyuma inaanza kuvuta. Werevu wa ajabu wa mitambo, na hauna njia ya kutofautisha matope na tairi bovu. Magari ya sasa hutumia klachi inayobanwa kwa umeme na kompyuta inayosoma sensa za magurudumu, na baadhi hujitahidi kuizoea tofauti ndogo. Ikizidi, taa za dashibodi huwaka, na fundi asiyewaza matairi atakubadilishia sensa nzima nzima.

Wenye pikapu ambazo dereva mwenyewe ndiye anayeingiza magurudumu manne wako pembeni kidogo: wakiwa wameyatoa, tofauti ya mbele na nyuma haiwasumbui. Wakiyaingiza kwenye lami kavu, ni shida hata kwa matairi yaliyolingana.

Dhana: "Tairi moja likiharibika, nunua manne"

Wauzaji hawaipingi hii, kwa sababu zilizo wazi. Kuna siku ni kweli, ila pima kwanza. Kama yaliyobaki yana milimita 7 na jipya lina 8, nunua moja la modeli ileile uendelee na safari. Kama yana 5, angalia kitabu. Pengine unahitaji mawili kwenye ekseli moja, pengine manne. Unaweza kutafuta lililotumika lenye kina kinachokaribiana, na hapo soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zipo pia karakana zenye mashine ya kunyoa tairi jipya hadi lifikie kina cha wenzake. Inauma kuona mpira mpya ukidondoka sakafuni, lakini ni nafuu kuliko difu.

Na si kila pancha ni kifo cha tairi. Tundu la msumari lisilozidi milimita 6, likiwa katikati ya sehemu inayokanyaga, huzibwa kwa kiraka chenye mkia kinachowekwa kutoka ndani. La begani au ubavuni halizibwi.

Dhana: "Mbele na nyuma zikitofautiana saizi, kuna mtu amekosea"

Angalia BMW X5 iliyotoka kiwandani na 275/40R20 mbele na 315/35R20 nyuma. Inaonekana kama kosa mpaka ufanye hesabu: vipenyo ni milimita 728 na 728.5. Upana umeongezwa, ubavu umepunguzwa, mzingo umebaki. Ila kubali kwamba hayo huwezi kuyahamisha mbele na nyuma.

Dhana: "Yote yanavuta, kwa hiyo yanaliwa sawa"

Hayaliwi sawa. Ya mbele yanakata kona, yanabeba injini na sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yahamishe kila kilomita 8,000 hadi 10,000: kwa mtindo ulio wa kawaida, ya nyuma huenda mbele moja kwa moja, ya mbele hurudi nyuma yakivuka upande. Yenye mshale wa mwelekeo hubaki upande wake. Ukipima kina, pima ndani, katikati na nje. Tairi lenye 6 nje na 3 ndani linakuambia alaimenti, yaani pembe za magurudumu, imekwenda, na kulihamisha bila kurekebisha hiyo ni kueneza ugonjwa.

Dhana: "AWD inashika breki vizuri zaidi"

Karibu magari yote yana breki kwenye magurudumu manne. AWD inakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya matairi.

Dhana: "Spea ni spea"

Spea ndogo nyembamba, ile yenye maandishi ya kilomita 80 kwa saa, mara nyingi ina kipenyo tofauti na wenzake. Kwenye AWD ni ya kukufikisha kwenye kuziba pancha tu, taratibu, kwa njia fupi. Hata spea kubwa iliyolala kwenye buti tangu gari likiwa jipya ina shida yake: ina milimita 8 wakati wenzake wana 4, isipokuwa umeiingiza kwenye zamu ya kuhamisha matairi.

Subaru za zamani za giaboksi otomatiki zilikuwa na dawa ninayoitamani kwenye magari yote. Chini ya boneti kuna kishikio kitupu cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi pale, nyuma inaacha kuvuta na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi. Spea inafungwa nyuma hata kama pancha ni ya mbele: unahamisha tairi zima la nyuma kwenda mbele, na spea inachukua nafasi yake. Pancha ikishazibwa, itoe fyuzi. Taa hiyo ikiwa bado inawaka wiki mbili baadaye, unaendesha gari la kuvuta kwa mbele.