Je, wajua? Pipa la kanivali ya Trinidad halilii kwa sababu ni tupu

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu tayari kila nilipoulizwa kwa nini watu wa Trinidad, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Uingereza, hupiga mapipa ya mafuta kwenye kanivali yao: Waingereza waliwanyima watumwa ngoma, watumwa wakaokota mapipa, na kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma, muziki ukapatikana. Ni jibu fupi, linasimulika vizuri, na lina makosa matatu. Marufuku ya ngoma haikuwakuta watu wakiwa utumwani, mapipa hayakuokotwa ili kuziba pengo la ngoma, na utupu wa pipa sio unaotoa sauti.

Tuanze na tarehe, kwa sababu hizo peke yake zinatosha kuliangusha jibu langu. Utumwa katika makoloni ya Uingereza ulifutwa kisheria mwaka 1834, ingawa waliokuwa watumwa waliendelea kufungwa kwa mabwana wao katika kile kilichoitwa uanagenzi hadi 1838. Kanivali yenyewe ililetwa na walowezi wa Kifaransa mwishoni mwa karne ya 18, kama sherehe ya mabwana kabla ya Kwaresima. Watu walipopata uhuru wao waliichukua sherehe hiyo na kuitia Canboulay, maandamano ya usiku yenye mienge, ngoma na wapigana fimbo, ambayo jina lake linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya miwa iliyoungua. Mwaka 1881 polisi wa Port of Spain, mji mkuu, walijaribu kuyazima wakapambana na umati, na kufikia 1884 sheria ilikuwa imebana upigaji wa ngoma, mienge na makundi ya watu wenye fimbo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa katazo hilo, maana katika lugha yetu ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima.

Sasa, mwaka 1884 pipa la kuokota lingetoka wapi? Pipa la chuma la takriban lita 200 tunalolijua leo lilipata hataza Marekani mwaka 1905, na uchimbaji wa mafuta wa kibiashara huko Trinidad ni jambo la karne ya 20. Kilichoshika nafasi ya ngoma ni mianzi, na iliishika kwa takriban nusu karne, muda ambao jibu langu la zamani liliuruka kana kwamba haukuwapo. Vipande vinene vya mwanzi viligongwa chini ardhini vikatoa mdundo mzito, vyembamba vilipigwa kwa kijiti, na pembeni palikuwa na mtu mwenye chupa na kijiko. Mtindo huo uliitwa tamboo bamboo, neno la kwanza likiwa ni matamshi ya kienyeji ya neno la Kifaransa la ngoma.

Kasoro ya mwanzi ni kwamba hupasuka, na ukipasuka katikati ya barabara huna fundi wa kuuziba. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya Port of Spain walianza kuchanganya mianzi na makopo ya rangi, mabati ya biskuti, vifuniko vya mapipa ya taka na vipuri vya breki za magari, mpaka chuma kikaumeza mwanzi. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto kanivali ya barabarani ilipigwa marufuku, kuanzia 1942, lakini majaribio yaliendelea nyuani, na watu walipomiminika nje kushangilia ushindi mwaka 1945 walikuwa tayari na vyombo vyenye noti kadhaa. Pipa la mafuta liliingia wakati huo, katika kisiwa chenye visima vyake na kambi kubwa ya jeshi la Marekani huko Chaguaramas. Nani alikuwa wa kwanza kufanya nini ni ugomvi ambao haujaisha: wako wanaomtaja Winston Simon, wengine Neville Jules, wengine Ellie Mannette, na mara nyingi jibu hutegemea mtaa anakotoka msimulizi.

Linabaki kosa la tatu, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Chombo hiki, ambacho wenyewe hukiita pan, hakivumi kama debe tupu. Kinacholia ni kitako cha pipa. Fundi hulipindua pipa, kisha huligonga kitako kwa nyundo kwa saa nyingi hadi kizame kama karai, kiasi cha sentimita 20 kwa chombo cha sauti za juu. Baada ya hapo huchora mipaka ya noti, hukata ubavu wa pipa kwa urefu unaotakiwa, hulichoma motoni kwa muda mfupi ili chuma kikaze, na ndipo kazi ya kuweka sauti inapoanza. Mpiga ngoma ya ngozi naye husogeza chombo chake kwenye moto kabla ya shughuli, lakini yeye atarudia kesho, ilhali moto wa pan ni wa mara moja.

Je, bati moja hutoaje noti zaidi ya 20 bila zote kulia pamoja? Fikiria majaruba ya mpunga. Ukiyatikisa maji ndani ya jaruba moja, mawimbi hugonga tuta na kurudi, na yanayovuka kwenda kwa jirani ni machache. Kila noti ya pan ni jaruba la namna hiyo: kieneo kilichoinuliwa kidogo kama mgongo wa kijiko, kikizungukwa na bati gumu lenye mkunjo wa kinyume. Kieneo kidogo hutoa sauti ya juu, kikubwa hutoa sauti ya chini, na ndiyo maana mpiga besi huzungukwa na mapipa marefu sita au zaidi, kila moja likiwa na noti chache tu. Mfano wa majaruba una mwisho wake, lakini. Vyombo vingi vina mstari wa vibonyeo vidogo vilivyogongwa kwa chuma butu kuzunguka kila noti, nami niliamini kwamba mstari huo ndio tuta, kumbe kuna mafundi wanaotengeneza noti safi bila mstari wowote. Kinachozuia mawimbi zaidi ni umbo la bati lenyewe.

Na kwa kuwa matuta hayazuii kila kitu, mafundi waliamua kuchagua majirani. Anayeishi nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba hatazima redio ya chumba cha pili, ila anaweza kuomba Mungu ampe jirani anayesikiliza stesheni anayoipenda. Katika mpangilio uliotokana na kazi ya mpiga pan na fundi Anthony Williams miaka ya 1950, noti zinazopakana ni zile zinazopatana kimuziki, hivyo sauti inayovuja hunogesha badala ya kuchafua. Tena kila kieneo hugongwa hadi kitoe, pamoja na sauti yake ya msingi, ile ya oktavi ya juu na nyingine iliyo juu zaidi. Ajabu ni kwamba baada ya pigo la fimbo yenye mpira sauti hizo za juu hazianzi kufifia papo hapo. Hukua kwanza kwa kitambo kidogo sana, na huo ndio mng'ao unaomfanya mtu aitambue pan akiwa mbali.

Kwa upande wa heshima, safari ilikuwa ya kasi. Mwaka 1951 TASPO, kundi la wapiga pan wa Trinidad, lilipelekwa London kwenye Tamasha la Uingereza, wakati nyumbani wapigaji walikuwa bado wanahesabiwa wahuni. Mwaka 1963, mara tu baada ya nchi kujitawala, yakaanzishwa mashindano ya bendi za pan yaitwayo Panorama, na mwaka 1992 pan ikatangazwa kuwa chombo cha taifa. Barabarani mambo yalikwenda kinyume. Miaka ya 1950 waliovaa mavazi ya kanivali walicheza nyuma ya mapipa. Kuanzia miaka ya 1970 muziki wa soka, ambao hauhusiani na mpira, ulikuja na malori ya spika ambayo hakuna pipa linaloweza kushindana nayo kwa kelele. Leo uwanja mkuu wa pan ni jukwaa la Panorama katika Queen's Park Savannah, uwanja mkubwa wa wazi wa Port of Spain, ambako bendi kubwa hupanga wapigaji zaidi ya mia moja kwa wimbo mmoja wa dakika chache.

Hata pipa la mafuta limeanza kuachwa. Mafundi wazuri hupendelea mapipa mapya ambayo hayajawahi kubeba chochote, kwa sababu unene na ubora wa chuma chake hutabirika. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha West Indies kilizindua pan yenye upana wa sentimita 67, kumi hivi zaidi ya kawaida, iliyotengenezwa kwa bati lililokatwa na kuundwa makusudi, bila pipa lolote ndani yake.