Kuchepusha si Kukinga

Majuzi gereji nilimkuta dereva wa pikapu akidai arudishiwe fedha zake, kwa kuwa "kinga ya wadudu" aliyouziwa haikumzuia kufika kutoka Dodoma na kioo cha mbele kilichotapakaa mbawakawa, huku mbawa za kumbikumbi zikiwa zimenasa chini ya waipa. Si mara ya kwanza kusikia dai hilo.

Kifaa chenyewe ni kipande cha plastiki ngumu kinachofungwa kwenye ukingo wa mbele wa boneti, kikiwa kimeinuka kidogo ili kuusukuma upepo juu. Tatizo liko kwenye jina. Tunakinga jua kwa kiganja, na tunakinga maji ya mvua kwa ndoo: maana ni mbili, lakini katika zote kijacho hukutana na kizuizi kikaishia hapo. Kuchepuka ni jambo jingine. Ni kuacha njia iliyokuwa ikifuatwa, na ndiyo maana barabara ya mchepuko haiyazuii malori kwenda yaendako, bali huyapitisha kando ya mji. (Kwamba neno hilo limeharibiwa sifa na wanandoa wasiotulia si kosa lake.)

Tena kinachochepushwa hapa ni upepo, wala si mdudu. Usubi na mbu, kwa wepesi wao, huweza kubebwa na mkondo huo wakapita juu ya paa, ilhali mbawakawa au panzi, kwa uzito wake, hushikilia mstari wake mpaka kioo. Katika foleni ya mjini, ambako gari linatambaa, hakuna upepo wa kutosha kumbeba hata mbu. Na kwenye Hiace, ambayo pua yake ni fupi na kioo kiko papo hapo, sioni kifaa hiki kingefanya kazi gani.

Hata hivyo, plastiki ya yule dereva ilikuwa imejaa mabaki ya wadudu ukingo mzima, na rangi ya boneti nyuma yake ilikuwa safi. Hapo kifaa kilikinga kweli, maana mabaki hayo yakiokwa na jua hula rangi, na kokoto zinazorushwa na malori huibandua. Muuzaji angekiita kinga ya boneti, asingekuwa amekosea, na mteja wake angekumbuka kujaza maji ya waipa kabla ya safari.