Wekundu wa Artemia Si Spishi Mpya

Dhana: "Artemia wa bwawa langu ni wekundu, wadogo, na mkia wao si kama wa kwenye picha. Hii ni spishi mpya."

Hapana. Artemia ni kijikamba cha maji ya chumvi, na sura hiyo ni kazi ya chumvi. Maji yakikolea hadi gramu 150 kwa lita hayashiki oksijeni ya kutosha, basi artemia huongeza himoglobini, protini nyekundu ya kubeba oksijeni, na kuiva wekundu. Mwili hudumaa, panda ya mkia hufupika, na vinyweleo vyake hupungua. Miaka ya 1870 mtafiti wa Urusi, Schmankewitsch, alidhani amegeuza spishi moja kuwa nyingine kwa kubadili chumvi tu. Alichogeuza ni mikia. Kosa hilo bado linaletwa maabara likiwa ndani ya chupa.

Kwa hiyo usipime artemia aliyevuliwa bwawani. Leta mayai makavu, kijiko kimoja kinatosha. Yatotolewe kwa nyuzi 28, gramu 35 za chumvi kwa lita, taa ikiwaka, saa 24. Kisha watoto walelewe sambamba na spishi inayojulikana: chumvi ileile, tuseme gramu 80, nyuzi 25, mwani uleule, na msongamano uleule, maana ndoo iliyojaa nayo hudumaza. Majike wakishabeba mayai, pima madume 30 na majike 30 wa kila upande. Tofauti itakayobaki hapo ndiyo ya kurithi. Kwa madume, angalia zaidi kinundu kilicho kwenye papasi za kushikia jike, pamoja na uume. Urefu wa mwili uache mwisho.

Dhana: "COI imetofautiana, kazi imekwisha."

COI, jeni ya mitokondria inayotumika kutambua spishi, hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo chotara atasomeka kama mamaye. Tena artemia wana nakala bandia za jeni hiyo ndani ya kiini. Ukiona alama ya kusimama (ishara ya kukomesha kutengeneza protini) katikati ya mfuatano wa DNA, hiyo si COI, itupe. Ongeza vipande vya DNA ya kiini, mfano ITS1, na maumbile. Artemia sorgeloosi wa uwanda wa juu wa Tibet na A. amati wa Kazakhstan, spishi zilizotangazwa 2023, hazikupewa majina kwa rangi.

"Ni majike peke yao, basi ni A. parthenogenetica." Jina hilo, la artemia wanaozaa bila dume, ni kapu. Ndani yake mna koo zenye seti mbili hadi tano za kromosomu, na asili zao si moja.

"Nimewahifadhi vizuri, kwenye fomalini." Kwa umbo, sawa. Kwa DNA umeharibu. Tumia ethanoli ya asilimia 95, uibadilishe baada ya siku moja, kwa sababu maji ya miilini huizimua.

Na wale wa mashamba ya chumvi ya Malindi si wenyeji waliosahauliwa na sayansi. Ni A. franciscana, mbegu ya Marekani iliyopandwa pale miaka ya 1980. Sampuli yoyote ya huko ilinganishwe na hiyo kwanza.