Neno "hobi" na darasa langu la programu huria

Semista imeanza na nimerudi kwenye ile kozi ya programu huria, yaani zile ambazo kodi yake iko wazi kwa kila mtu, mwaka wa tatu, na kama kawaida yangu wiki ya kwanza hakuna kufungua laptopu. Vijana wanashangaa maana wamekuja wakijua tunaanza na Git, kile chombo cha kufuatilia mabadiliko ya kodi, na amri zake, mi nawagawia karatasi mbili tu, maandishi mafupi kabisa, nawaambia mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize kama wanasikiliza barua ya nyumbani.

Karatasi ya kwanza ni ujumbe wa Linus Torvalds wa tarehe 25 Agosti 1991. Alikuwa mwanafunzi pale Helsinki, miaka 21, yaani rika lao kabisa. Anawaambia watu wa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, ni hobi tu, hautakuwa mkubwa wala wa kitaalamu kama GNU, ule mradi wa programu huria uliokuwepo tayari, na anauliza wangependa uwe na nini ndani. Sasa hicho kitu ndo Linux, na ndo kiko chini ya kila simu ya Android mliyoshika hapo.

Karatasi ya pili ni ya Juni 2022, na mwandishi wake naye ni Mfini. Huyu alikuwa anatunza xz, kaprogramu ka kubana mafaili ambako kako karibu kwenye kila Linux, na kwa miaka mingi alikatunza karibu peke yake. Watu wanamwandikia kulalamika apdeti zinachelewa, mwingine anamwambia bora amwachie mtu mwingine. Anajibu kwa upole kabisa, kwamba hamu hajaipoteza ila afya ya akili imempunguzia nguvu, na wakumbuke hii ni hobi isiyo na malipo.

Neno ni lilelile, katikati kuna miaka 31. La kwanza ni la kijana mwenye furaha na la pili ni la mtu aliyechoka, na darasa likishaliona hilo huwa linanyamaza kidogo kabla halijawaka.

Mwaka jana binti mmoja wa Same ndo alianza, akasema Madam huu si msaragambo tu, kwetu ukiitwa kusafisha mfereji wa ndiva, lile bwawa la maji ya kumwagilia, mnaenda wote, na asiyekuja anatozwa faini. Kijana wa nyuma akamjibu hapohapo: sawa, lakini kwenu anayetumia maji anajulikana, huku anayetumia hajulikani, anaweza kuwa kampuni ya mabilioni, hajawahi kushika jembe, halafu ndo huyohuyo anakuja kumgombeza anayezibua mfereji. Nimesoma makala nyingi sana za wataalamu kuhusu jambo hili na sijaona aliyelisema vizuri kuliko hivyo.

Hapo sasa ndo nawasimulia iliyobaki. Kati ya wale waliojitokeza kumsaidia yule mtunzaji kuna aliyejiita Jia Tan, mvumilivu, anatuma marekebisho mazuri muda mrefu mpaka akaaminiwa na kupewa funguo za mradi, na mwezi Februari 2024 toleo la 5.6.0 likatoka na mlango wa nyuma umefichwa ndani, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, developa wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, alikuwa anapima mambo yake mengine kabisa akaona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh, programu ya kazi hiyo, kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Akafukua mpaka akafika kwenye xz, akatangaza tarehe 29 Machi, Ijumaa Kuu, kabla toleo lile halijasambaa kwenye seva nyingi.

Wengi wanaifundisha hii kama somo la usalama, sawa, ni la usalama. Ila mi naiona kwanza ni habari ya maneno, kwa sababu yale malalamiko yaliyomsukuma yule mtunzaji hayakuwa matusi, ni sentensi za kawaida tu, lini mnatoa, mbona kimya, na kila mwaka nikiwauliza nani hajawahi kuandika hivyo mikono haiinuki. Ndo maana nawasomesha leseni pia, ile aya ya herufi kubwa inayosema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana, ambayo kila mtu anairuka.

Wapo wanaonipinga, wanasema kitu kikitumiwa na mamilioni si hobi tena na mwenye nacho anabeba wajibu. Hoja nzito hiyo, siipuuzi. Mi nasema wajibu unakua kweli, ila unamwangukia anayepata faida, na baada ya Heartbleed, lile tundu la usalama lililogunduliwa mwaka 2014 kwenye OpenSSL, makampuni makubwa yalianza kuchangia pesa maana waliona OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, inaendeshwa na watu wa kuhesabu kwa vidole.

Kijana wangu mmoja alituma marekebisho ya tafsiri ya Kiswahili kwenye mradi fulani, wiki tatu kimya. Akaja ofisini amekasirika, ameshaandika mistari sita ya kuwasema, kidole kiko kwenye kitufe. Nikamwambia kaa, soma ile karatasi ya pili tena. Akasoma, akafuta yote, akaandika: habari zenu, naona mna kazi nyingi, nimeijaribu tena kwenye toleo jipya na inafanya kazi, kuna tafsiri nyingine iliyokwama niwasaidie? Walimjibu baada ya siku mbili wakampa mafaili manne.