Chungwa la Kijani Si Kosa

Mzazi mmoja kanionyesha daftari la mwanawe wa darasa la awali, anayesoma shule ya jirani. Ukurasa una picha ya chungwa, mtoto kalipaka kijani, na juu yake mwalimu kaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Mzazi anataka nimsaidie mtoto "ajue rangi". Kisa hiki nimekutana nacho mara nyingi mno, kwa walimu wa shule za serikali na za binafsi, na leo nakisemea.

Sisi tuko Tanga. Msimu ukifika, machungwa ya Muheza yanapita barabarani malori kwa malori, yameiva, matamu, na ganda lake ni la kijani. Mtoto wa miaka mitano amelila chungwa hilo tangu alipoota meno. Anapolipaka kijani anatueleza kitu anachokijua kwa macho, kwa mikono na kwa ulimi. Mwalimu anayemkosoa anamfundisha kwamba karatasi inajua kuliko macho yake, na hilo ni somo baya kuliko kutojua rangi.

Sababu yenyewe inaeleweka. Ukijani wa ganda unatokana na klorofili, ile rangi ya kijani iliyomo kwenye majani ya mimea. Kwenye nchi zenye usiku wa baridi, ile baridi huifanya klorofili ivunjike, na rangi iliyojificha chini yake ikajitokeza. Joto letu la pwani halifanyi kazi hiyo, kwa hiyo chungwa huiva ndani huku ganda likibaki kijani au lenye mabaka. Hata huko kwingine, machungwa yanayovunwa bado yana ukijani huwekwa kwenye gesi ya ethilini ili yabadilike rangi kabla ya kwenda sokoni. Picha nyingi tunazochapa kutoka intaneti zimechorwa na watu waliozoea machungwa ya aina hiyo. Hawana kosa. Kosa ni letu tunaozigeuza kuwa majibu ya mtihani.

Na si chungwa peke yake. Embe dodo linaweza kuiva huku ganda lake bado lina ukijani, na nyama ya ndani imekolea njano. Parachichi la Hass likiiva huwa jeusi, la Fuerte hubaki kijani. Pasheni ipo ya zambarau na ipo ya njano. Mapera mawili yanayofanana kwa nje ukiyakata, moja lina nyama nyeupe na jingine ya waridi. Sasa niambieni, mwalimu anayeandika ubaoni "pera ni kijani" anazungumzia pera lipi, na upande gani wa ganda?

Ndiyo maana darasani kwangu tunda linatangulia karatasi. Nanunua moja au mawili, linapita mkononi mwa kila mtoto, wanalinusa, wanasema wanachokiona, kisha nalikata. Karatasi nayo nachora mwenyewe kwa mkono: duara mbili zilizo kando kwa kando, moja ya nje ya tunda, ya pili ya ndani. Hapo kazi ya rangi inapata maana, maana mtoto analinganisha, anachagua, na anaweza kunieleza kwa nini kachagua. Papai lina kijani na njano nje, ndani rangi nyingine kabisa, na mbegu nyeusi za kuhesabu. Hesabu, lugha na sayansi zimeingia bila mtu kubadilisha kipindi.

Kuhusu misuli midogo ya vidole nitakwenda haraka. Vunjeni kreyoni. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, mtoto analazimika kukibana kwa ncha za vidole, na huko ndiko tunakoelekea kwenye penseli. Kutoka nje ya mstari kwa umri huu kusiwakoseshe usingizi.

Kreyoni zikiwa chache, gawa kwa kikundi. Manjano ya jikoni yaliyokorogwa kwa maji hutoa njano nzuri, mkaa unatoa nyeusi, na majani mabichi yaliyosuguliwa kwenye karatasi yanatoa kijani.

Kuna mambo bado yananisumbua. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria, alikuwa ameshaandika mwaka 1947 akipinga picha za kupaka zilizochorwa tayari, kwa hoja kwamba zinamzoesha mtoto kutegemea mchoro wa mtu mzima na kuuona wake hautoshi. Nawaona watoto wa namna hiyo: ukiwapa karatasi tupu wanasema "Mwalimu, mimi sijui kuchora." Lakini nawaona pia wale wanaoogopa karatasi tupu tangu siku ya kwanza, ambao duara langu huwapa pa kuanzia. Kwa hiyo naendelea na duara, na baada yake natoa karatasi tupu. Kama mpangilio huo ndio sahihi, sina hakika.

Jingine ni gumu zaidi. Mtoto anayepaka nyanya kijani huenda hajui jina la rangi, huenda ameikumbuka nyanya changa ya shambani kwao, au huenda macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Hali hiyo ya macho huwapata zaidi wavulana, na kwa kazi moja tu ya daftarini huwezi kuitambua. Mimi humuuliza kwanza: "Hii ni nyanya gani?" Akinijibu "ya kwetu, haijaiva," yamekwisha. Akiendelea kuzichanganya rangi hizo hata matunda yakiwa mezani mbele yake, namwita mzazi, namwomba ampeleke akapimwe macho. Wakati tunasubiri, naziwekea kreyoni zake alama, nukta moja kwa nyekundu na mbili kwa kijani, na naendelea kumpa kazi sawa na wenzake.