Pentekoste haikuanza na mitume

Kanisani tumezoea kusikia kwamba Pentekoste ilianza siku Roho Mtakatifu aliposhuka juu ya mitume. Sivyo. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake "ya hamsini", na Wayahudi waliosema Kigiriki waliiita hivyo Shavuot, Sikukuu ya Majuma: unahesabu wiki saba tangu Pasaka, na siku ya hamsini ndiyo yenyewe. Ndiyo maana siku ile Yerusalemu ilikuwa imejaa mahujaji.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno ya ngano. Walawi 23 inaagiza mikate miwili iliyotiwa chachu, ilhali wakati wa Pasaka chachu ni mwiko hata ndani ya nyumba.

Na hata wanaoijua Shavuot hukosea hapa: Torati haisemi popote kwamba ndiyo siku Sheria ilipotolewa Sinai. Marabi ndio waliounganisha mambo hayo, na baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, pasipo madhabahu ya kupelekea mikate, maana hiyo ikawa ndiyo kuu. Leo wengi hukesha wakijifunza Torati hadi alfajiri, keki ya jibini ikiwa mezani, na husomwa habari za Ruthu, mgeni Mmoabu aliyeokota masazo shambani kwa Boazi.